Kitambaa Juu ya Spika ya Katikati

Asifiwe Mungu aliyeumba sikio, akalipatia saa yake ya kufunguka na saa yake ya kufungwa. Amenilisha viazi vya Dundori tangu ujana wangu, wala sijalala njaa. Ninaandika nikimshukuru, ingawa siku ninazozieleza nilimlilia zaidi.

Mke wangu alitoa ushuhuda wake wa mwisho katika ibada ya shukrani, kifua kikiwa kimemchosha. Nilimwona akigeuka na kunionyesha kwa mkono, kanisa zima likacheka. Sikusikia alichosema. Masikio yangu yalikuwa yameanza kuniacha, na kwaya iliimba polepole nyuma yake. Nilikusudia kumwuliza nyumbani, lakini wageni walikuja kumwona, siku zikapita, naye akalala asiamke.

Baada ya mazishi niliwauliza waliokuwepo. Mmoja alisema alitaja viatu vyangu, mwingine akasema ni ng'ombe. Watu husahau kilichowachekesha. Ilibaki video ya ibada ile tu. Niliicheza hadi mke wa mwanangu, ninayeishi naye, akazijua nyimbo zote. Kwaya niliisikia, mke wangu nilimwona midomo. Daktari wa masikio mjini Nakuru alikuwa ameniambia ukweli: sikio la kulia limekwisha, la kushoto linafuata. Kila alfajiri niliomba, Bwana, maneno yale tu, kabla hujafunga mlango.

Nikamwita fundi wa spika kutoka mjini.

"Mzee, hizi spika zako mbili zinajua kuimba tu," alinipigia kelele sikioni. "Kuongea hazijui."

"Na wewe unajua kuongea, ama kelele tu?"

Alicheka. Akafunga amplifaya nyingine, inayotenga sauti ya msemaji na kuipeleka kwenye spika ya tatu, katikati, chini ya televisheni. Kwaya ingebaki pembeni. Akaijaribu kwa taarifa ya habari, nami nikasikia habari za mvua neno kwa neno. Akaenda zake.

Sasa, kwetu kitu kipya hakikai uchi sebuleni. Kiti, redio, hata chupa ya chai huvishwa kitambaa. Niliiombea ile spika, nikatoa sandukuni kitambaa kizito cha uzi alichokifuma mke wangu, nikakikunja, nikakitandika juu kikaning'inia mbele. Niliona ni heshima azungumze kupitia kazi ya mikono yake. Kisha nikaifungua video.

Nikasikia kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Akageuka, akanionyesha, wakacheka, na maneno yakazama. Nilipandisha sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Nikapiga magoti mbele ya televisheni, mzee mzima, nikisema, Bwana, hata hili?

Mke wa mwanangu akaingia na ndoo ya maziwa.

"Baba, unalia nini?"

"Mama yenu hataki kuniambia."

Alitazama, akaja upande wa sikio la kushoto. "Baba, si umemfunika mdomo."

Alikinyooshea mkono kile kitambaa, kisha akauondoa, akaniachia. Tangu tumzike, hakuna aliyewahi kuondoa kitambaa chake kilichotandikwa popote katika nyumba ile. Nilikishika, nikakiacha, nikakishika tena. Mwishowe nikakivuta, nikakiweka begani. Akairudisha video nyuma.

"Huyu mzee wangu siku hizi hasikii kitu," mke wangu alisema, wazi kabisa, kicheko kikiwa tayari kooni. "Lakini usiku nikikohoa tu, ameamka."

Kanisa likacheka. Mke wa mwanangu naye alicheka, kisha akainamia ndoo yake. Usiku ule alioondoka, mke wangu hakukohoa.

Nilimwomba airudishe tena, na tena, hadi maziwa yakapoa.

Siku hizi sikio la kushoto nalo limenyamaza. Video ikichezwa, naweka kiganja juu ya ile spika isiyovishwa kitu, nangoja mtetemo pale ninapojua anataja kikohozi. Bado namwuliza Mungu kwa nini hakumpa hata kimoja usiku ule. Hajanijibu, nami sijaacha kumwomba.

Wewe usomaye, Bwana akutunzie masikio yako, na usiku umpendaye atakapokuita, hata kwa sauti ndogo, akuamshe. Amina.