Siku Mbili za Mama Zipu Kuwa Mgeni

Saa mbili asubuhi. Magari ya wageni yameshatokomea nyikani na vumbi lao limetulia. Mwanamke mwembamba mwenye aproni ya kijani anasimama mbele ya hema namba saba, anatoa mfukoni kipande cha mshumaa na kukipitisha juu ya zipu ya mlango, toka chini hadi juu, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Kisha anavuta. Zipu inafunguka bila kelele.

"Ukiilazimisha inakufa," anasema. "Haya meno ni mepesi kukasirika."

Ndani kuna kitanda cha kulala watu wanne, ingawa wamelala wawili. Kuna sakafu ya mbao inayong'aa, meza ya kuandikia, beseni la shaba, na nyuma bafu lisilo na paa ambako mtu huoga akitazama mawingu. Anatikisa kila kiatu kilichoachwa chini, maana nge hupenda joto la viatu. Anakusanya mashuka, anabadilisha foronya, anaufunga mkia wa chandarua juu kabisa ya nguzo. Dakika ishirini na mbili. Halafu anahamia namba nane.

Wenzake humwita Mama Zipu. Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili hapa, zipu ya hema moja ilipogoma kufunguka huku bwana harusi na bibi harusi wakiwa ndani wanapiga kelele, na tembo akiwa nje anakula mti uliowapa kivuli. Tembo alipoondoka, yeye ndiye aliyewatoa, kwa mshumaa na maneno ya upole. "Maneno nilikuwa naiambia zipu," anafafanua. "Wale wageni walidhani naongea nao, wakatulia."

Ana miaka arobaini na mmoja. Kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia katika kambi hii ya kifahari yenye mahema kumi na mawili, ambako usiku mmoja wa mgeni unazidi mshahara wake wa miezi mitatu. Halalamikii hilo. Kilichomuuma muda wote huo ni kalenda.

Wafanyakazi wa kambi hukaa kazini wiki sita mfululizo, kisha hupewa siku kumi na mbili za kwenda nyumbani. Kwa mwaka mzima ni kama siku themanini. "Nilipiga hesabu hiyo mara moja tu," anasema, "nikaiacha. Kuna hesabu nyingine mtu hapaswi kuzimaliza."

Alipoanza kazi, binti yake wa pekee alikuwa na miaka mitano. Baba wa mtoto alikwishaondoka kabla mtoto hajajua kutembea, na kazi nyingine ya maana haikuwepo. Akamwacha binti kwa bibi yake.

"Niliondoka akiwa amelala. Nilijiambia namhurumia. Kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe."

Mtoto alikua akiwasikia wajomba zake wakimwita mama yake "dada." Naye akamwita Dada. Bibi akawa ndiye Mama. Hakuna aliyemfundisha hivyo na hakuna aliyemkataza. Kila Mama Zipu aliporudi na begi lake la siku kumi na mbili, binti alimpokea vizuri, alimsalimu kwa adabu, akambebea begi hadi ndani. "Kama unavyompokea mgeni," anasema. "Na mimi wageni nawajua."

Bibi wa binti, mwanamke wa miaka sabini asiyependa mambo ya kuzungukazunguka, anaiweka kwa namna yake. "Hakuwa na chuki, ila kulikuwa na kitu kimekaa hapa," anasema akigusa kifua. "Tangu alipovunjika mkono."

Ajali hiyo ilitokea binti akiwa na miaka tisa. Alianguka kutoka kwenye ukuta wa shule, mfupa ukakatika sehemu mbili. Alilazwa siku sita. Watu wote walikuja, hata mwalimu wa hesabu ambaye binti alikuwa anamwogopa. Mama yake hakuja.

Kila mwaka, wiki moja kabla kambi haijafungwa kupisha mvua kubwa, mahema huwa matupu. Meneja ana utaratibu wake: mfanyakazi mmoja aliyevuka miaka kumi hupewa hema kwa siku mbili, aishi kama mgeni, na aje na ndugu mmoja. Mwaka huu zamu ilimwangukia Mama Zipu. Moja kwa moja akampigia simu mama yake mzazi ajiandae.

Mama yake akakataa. "Mpeleke mwanao," alimwambia. "Mimi nimeshakujua."

Binti, sasa ana miaka kumi na sita na yuko kidato cha tatu, alikuja kwa shingo upande. Alipanda gari linaloleta mboga, akiwa na daftari nne za kujisomea, ili asikose cha kufanya akiwa peke yake na mtu ambaye hawana mazungumzo naye.

Hajakaa vizuri kitini, dereva akageuka. "Sasa wewe ndiye yule wa hesabu? Tisini na moja?"

Binti akaduwaa. Hizo zilikuwa alama zake za muhula uliopita.

Getini, askari wa kambi, jitu la watu lenye tochi kiunoni, lilimpa mkono kwa heshima zote kisha likamwinamia sikioni. "Vyura wapo kule bwawani tu. Huku hawafiki, nimewakataza." Binti huogopa vyura tangu utotoni. Mezani, mpishi alitoka jikoni mwenyewe na sahani. "Yako haina kitunguu hata kimoja. Nimekoroga kwa mwiko mwingine."

"Nilianza kuogopa," binti anasimulia, akicheka. "Watu ambao sijawahi kuwaona maishani wananijua kuliko wanafunzi wenzangu. Wanajua nilivyolia siku ya kwanza ya shule. Wanajua jina la kuku wangu aliyekufa! Nikajiuliza, huyu Dada huwa anaongea habari gani huku?"

Jibu analo dobi, mzee wa miaka sitini ambaye hufua mashuka ya kambi nzima. "Habari gani nyingine?" anauliza. "Wageni wanakuja na kuondoka. Simba ni walewale. Huyo mtoto ndiye alikuwa taarifa yetu ya habari."

Mchana wa siku ya kwanza, Mama Zipu alishindwa kabisa kuwa mgeni. Wenzake walimketisha kwenye kiti cha kitambaa na kumletea maji ya matunda yenye kipande cha limau, na mhudumu kijana akamwinamia akisema, "Karibu sana, madamu, safari ilikuwaje?" Alicheka mpaka machozi. Walipompa kisogo akainuka kunyoosha shuka. Wakamkamata. Meneja akatangaza kwamba akionekana ameshika ufagio, atatozwa bei ya mgeni.

Binti akatoka kutembea, akafika kwenye kamba za kuanikia nguo. Dobi akamsalimia, kisha akamwomba jambo la ajabu. "Mjukuu wangu, hebu ninyooshee mkono wa kushoto."

Akaunyoosha. Dobi akautazama kuanzia kiwiko hadi kiganjani, akaugeuza, akautazama tena. "Umeunga vizuri," akasema. "Mungu mkubwa. Tulikuwa na wasiwasi na huu mkono."

Ndipo akamsimulia. Wiki ile nzima mto ulio kati ya kambi na barabara kuu ulikuwa umefurika, na hakuna gari lililoweza kuvuka. Habari za ajali zilipofika, Mama Zipu aliondoka kwa miguu hadi ukingoni akiwa bado na aproni yake. Alivua viatu, akaingia. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni askari wawili walipomwahi, wakamvuta nje akiwapiga ngumi. Siku tatu alishinda pale ukingoni akiyatazama maji, na dobi ndiye aliyemtandikia mahema yake. "Vibaya," anakiri. "Wageni walilalamika."

Binti alirudi hemani. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kwa tahadhari, kama mtu anayeogopa kukichafua. Mazungumzo yaliyofuata wote wawili wanayakumbuka neno kwa neno.

"Kwa nini hukuniambia habari za mto?"

"Nani amekwambia?"

"Dada, kwa nini hukuniambia? Miaka saba!"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Ulikuwa unataka mama. Hukuwa unataka habari za mto."

Binti alikaa kitandani karibu naye, akauweka ule mkono wa kushoto mapajani mwa mama yake, akauacha hapo. Mama Zipu anasema aliogopa hata kukohoa.

Usiku walipopanda kulala, binti aliruka akipiga ukelele: mguu wake uligusa kitu cha moto, chenye ngozi laini, chini ya shuka. Ulikuwa mpira wa maji ya moto, ambao Mama Zipu mwenyewe huwawekea wageni kila siku ya baridi. Safari hii wenzake ndio walioweka, na yeye alisahau kumwonya mwanawe. Vicheko vya mama na binti vilisikika hadi jikoni.

Asubuhi mhudumu alileta sinia la chai, akasimama mlangoni. "Nianze kumpa nani?"

"Mpe mama," binti akasema, akiwa bado anajifuta usingizi machoni.

Mama Zipu akainuka, akaingia bafuni na kufungulia maji yote. "Aliyamaliza ya moto, ya kambi nzima," anasema mhudumu. "Hakuna aliyemuuliza."

Hayo yalitokea miezi mitano iliyopita. Tangu hapo kuna jambo jipya. Chuo cha mafunzo ya hoteli, kilicho nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwa bibi, kinatafuta mkufunzi wa usafi wa vyumba. Mshahara ni mdogo kuliko wa kambini. Ila mkufunzi hulala kwake kila siku, na mwakani binti anaingia kidato cha nne.

Mama Zipu aliishia darasa la saba na hana cheti chochote. Ana barua ya meneja yenye kurasa mbili, na ameitwa kwenye usaili mwezi ujao. Ametakiwa aandike masomo matatu ya mfano. Mwandiko wake haumridhishi, kwa hiyo kila siku wakati wa mapumziko ya mchana anampigia binti simu, yeye anasema, binti anaandika na kunyoosha sentensi.

"Tayari?" anauliza leo, simu ikiwa imebanwa begani, mikono ikikunja taulo. "Somo la kwanza. Kabla hujaingia kwenye chumba cha mgeni, piga hodi, hata kama unajua hayumo."

Sauti ya binti inasikika wazi. "Kama hayumo, mama, nani atanijibu?"

"Hakuna. Lakini andika: unasubiri kidogo."

Anasikia kalamu ikitembea.

"Nimeandika. Endelea."