Kujificha kwa Simu

Dobi mmoja, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na vidole vilivyobabuka kwa mvuke, alijulikana kazini kwa jina la Mwalimu wa Chekechea. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha pasi, na wala hawakumpa kwa wema. Kila siku saa saba mchana, wengine wakikimbilia chakula, yeye alijibanza kati ya marobota ya shuka za hoteli, simu sikioni, akibembeleza: "Uko nyuma ya mlango? Haupo? Basi uko kwenye kapu la nguo chafu!"

Upande wa pili alikuwa binti yake wa miaka sita, aliyeitwa Kijino tangu alipoota jino la kwanza.

Mambo yalianza hivi. Dobi alikuwa ugenini mwaka na nusu. Mkewe alishona sare za shule nyumbani, na mtoto asiye na kazi karibu na cherehani ni balaa. Siku moja akaomba, "Baba Kijino, hebu mchezeshe huyu japo dakika kumi nimalize pindo." Dakika kumi za bure za mchana zilikuwepo, mtandao wa simu ulizitoa. Lakini mtoto anachezeshwaje kwa simu? Dobi alikuna kichwa. Akamwelekeza kufunga mpira wa soksi kuukuu, kisha kutengeneza gari la boksi la sabuni, kisha kupanga vifungo vya mama kwa rangi zake. Yote hayo Kijino aliyafanya vizuri tu, tena peke yake, na baba akabaki kusikiliza pumzi zake. Mpaka siku alipobuni: "Jifiche. Mimi nitakutafuta."

Hapo ndipo alipopatia. Alifumba macho akaingia nyumbani kwake kwa mawazo: sebule yenye cherehani, na chumba cha ndani chenye lile kabati kubwa ambalo mlango wake mmoja ulikataa kufungika. Alipekua kona moja moja. Akimpata, kicheko cha mtoto kilimtosha mpaka kesho yake.

Usimcheke. Miezi ya mwanzo mtoto alikuwa akimwita "yule baba wa kwenye simu", na neno hilo lilimuunguza kuliko pasi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sasa baba wa mbali je, analea? Zile dakika kumi ndizo ubaba wote aliobaki nao, na aliogopa kuzipoteza kuliko alivyoogopa kupoteza kazi.

Basi siku moja akataja kabati, na Kijino akaguta, "Umejuaje?" Lakini cherehani ilikuwa ikinguruma karibu kabisa na simu. Dobi akasita. Cherehani ilikuwa sebuleni, kabati chumba cha ndani, na ukuta katikati. Mara akasikia sauti ya mwanamke mwingine ikiuliza chumvi imewekwa wapi.

"Mpe mama simu," akasema.

Mkewe akasimamisha cherehani. "Tulihama, baba Kijino. Tangu mwezi wa nne. Mwenye nyumba alitaka kumwingiza mwanawe anayeoa. Tuko kwa dada, chumba kimoja, tumegawa kwa pazia. Kabati halikupita mlangoni, nikaliuza."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie, halafu? Ungelala wewe huko? Hata mtoto nilimkataza asikwambie."

"Sasa huwa anajificha wapi?"

"Hajifichi. Anakaa hapa miguuni pangu, juu ya vitambaa. Anafumba macho, anangoja utaje."

Miezi mitano alikuwa akimtafuta mtoto wake ndani ya nyumba ya watu! Hasira zilimshika, akaunguza foronya mbili na kumjibu ovyo msimamizi. Jioni hasira zikaisha, ukabaki upweke mtupu. Zamani akikumbuka kwao alijua aweke mawazo wapi. Sasa hata hapo hapakuwepo.

Siku yake ya mapumziko alipiga simu akiwa chumbani. Wenzake watatu wanaolala naye walikuwa wametoka.

"Leo zamu yangu, mama," alimwambia mwanawe. "Mimi najificha, wewe unitafute."

Na alijificha kweli. Alijisukuma uvunguni mwa kitanda, kitambi kikigoma, vumbi likimpanda puani.

"Uko ndani ya kabati?" akauliza Kijino.

"Kabati sina, mama."

"Nyuma ya kochi?"

"Kochi nalo sina."

"Kwani kwako kuna nini?"

"Kitanda. Ndoo. Na begi langu."

Mtoto akashusha sauti. Sasa alikuwa akinong'ona. "Baba, hata sisi kabati hatuna. Usimwambie mama kama nimekwambia."

"Simwambii. Lakini mbona ulikuwa unasema umo ndani?"

"Ningesema halipo, si ungeacha kupiga?"

Dobi alitaka kusema asingeacha, asingeacha hata siku moja, ila Kijino alimwahi.

"Basi najua," Kijino alisema, sasa kwa sauti ya ushindi. "Uko uvunguni!"

"Umenipata."

"Nimekupata! Toka basi, uje."

Baba mtu alilala pale pale, shavu sakafuni, akilia bila sauti ili mtoto asimsikie. Na Kijino, aliyekwisha kuzoea mchezo wa namna hiyo, akafumba macho akangoja.