Kibangwa cha Baba

Baba yangu alikuwa mtemi, mimi ni mwanawe wa kwanza, na kibangwa chake, alama ya utemi, anakivaa binamu yangu. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza ukoo hukusanyika ilipokuwa ikulu yetu ya zamani, karibu na Segese, na kila mwaka wivu hunikaba nikimwona muuza simenti huyo kavaa shingoni lile gamba jeupe la baharini.

Gamba hilo lililetwa na misafara ya pembe za ndovu. Utemi wetu ulikuwa mdogo, ila ulikalia visima. Upande mmoja ni pori la mbung'o lisilo na maji, ng'ombe hawapiti. Wapagazi walilazimika kunywa kwetu, na mtemi hakuwanywesha bure. Hayo nayajua mimi. Binamu hajui hata kisima kikubwa kilikuwa wapi.

Mwaka huu mvua zilichelewa, na mzee aliyezoea kumnong'oneza binamu maneno ya tambiko la mvua alikuwa ameshafariki. Asubuhi ile binamu akaja kuniuliza mimi, niliyekulia nyuma ya baba nikiyasikiliza.

"Nami nimeyasahau," nikamwambia, na roho yangu ikatulia kabisa.

Mama yake, dada wa baba, alikuwa kando akichambua choroko. Alingoja mwanawe aondoke, akaniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unajua kwa nini hukupewa wewe?"

Nikamjibu kwamba ndiyo mila, utemi hufuata tumbo la dada.

"Na mila ilitoka wapi? Watemi walioa kwa majirani ili wasipigane. Mama yako Mzinza, kwao wafua chuma kule Geita. Bila majembe yao tungelima na nini? Lakini mtoto wa ndoa hizo, siku wajomba zake wakija na mikuki, atasimama upande gani? Hakuna aliyejua. Wa dada tulimjua, kwao ni hapa tu."

"Mimi nimezaliwa hapa, shangazi. Nimezeekea hapa."

Aliendelea kuchambua choroko zake.

"Mashamba ya ukoo mzima yamekauka," akasema, "na maneno unayo, umeyaficha."

Nilimfuata binamu nikamfundisha neno kwa neno, mpaka akayashika. Wivu haukupungua hata kidogo. Kibangwa kilikuwa shingoni mwake muda wote.