Kukadiria Ajira za Ufipa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kazi Sumbawanga, Afisa Kazi wa Mkoa alinikuta nimejikunja kwenye kiti kwa baridi. Akaniuliza nimesomea nini. Nikamjibu takwimu.

"Vizuri. Basi utatuambia vijana wetu wasomee nini," akasema. "Ukikosea, usinitaje."

Kazi hiyo niliifanya hadi nikastaafu. Kwa jina la kiofisi ni makadirio ya ajira: unaangalia mazao, barabara na biashara, kisha unasema ni kazi zipi zitahitaji watu miaka ijayo, ili vyuo vya ufundi vifungue mafunzo yanayofaa. Si ramli, ingawa wapo waliotuita waganga.

Bosi wangu wa pili, Mchumi wa Mkoa, alikuwa mkali, na namshukuru mpaka leo. Siku niliyompelekea taarifa kwamba ufundi kompyuta ndio unaokua kwa kasi kuliko kazi zote, alicheka mpaka akavua miwani.

"Walikuwa wangapi?"

"Mmoja, mzee."

"Na sasa?"

"Wawili."

"Kwa hiyo kazi imekua maradufu, na wote wanaenea kwenye benchi moja. Kasi si wingi, binti. Toka nje ukaone watu wanasubiri nini."

Nikatoka. Msimu wa mavuno nilizunguka Pito, Matai, hadi Kasanga, bandarini ziwani. Kila nilikopita nilikuta mahindi yamerundikwa uani na mashine ya kupukuchua imeharibika, wenyewe wakimngoja fundi kutoka Mbeya. Mashine zilinunuliwa kila mwaka, mafundi hawakuwepo. Nikaandika bila kuzungusha maneno kwamba tunahitaji mafundi wa mitambo ya kilimo. Miaka ikapita nikiandika hayohayo, hadi chuo kimoja kikafungua darasa.

Nilimshawishi Restituta ajiunge. Alikuwa binti wa mkulima wa ulezi pale Pito, na baba yake, Mzee Deusi, alishampangia ukarani. Nilikaa uani kwake nikimweleza habari za soko la ajira, naye kanikunjia uso.

"Mama, huyu ndiye wa kwanza kwangu kumaliza kidato cha nne," alisema. "Wadogo zake wote wanamtegemea. Ukimpoteza huyu, umenipotezea nyumba nzima."

Lakini binti mwenyewe alitaka, akaenda.

Alipohitimu, akafungua kibanda Matai na hakupata mteja. Watu walipeleka mashine zao kwa wanaume, hata wasiojua kitu. Msimu mzima alikaa akifagia kibanda kisafi. Baba yake akaacha kuitikia salamu yangu kanisani. Iliniuma sana, nisidanganye. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, na mtoto wa watu hakuwa na kazi.

Nikamfuata Bi Zuhura, mfanyabiashara wa mjini mwenye malori na mashine za kukodisha. Nikamwomba amjaribu.

"Ajifunzie kwa mashine yangu? Mama, kwani hapa kwangu umeona chuo?"

Haikupita muda, mashine yake ikagoma hukohuko Matai. Lori lilikuwa linangoja mahindi ya kupeleka Kasanga, boti ya Kongo ilikuwa imeshafika, na fundi wa Mbeya hakupokea simu. Bi Zuhura akameza maneno yake, akamwita Restituta. Binti akaifungua mashine, akabadilisha beringi iliyokwisha, na jioni lori likaondoka limejaa.

"Kuanzia leo mashine zangu ziguswe na huyu tu," Bi Zuhura alitangaza pale sokoni, na wateja wakafuata. Msimu huu Restituta ameajiri wenzake, na bado hana nafasi ya kukaa.

Mimi sasa nimestaafu. Vijana hunisimamisha mjini: "Shikamoo mama. Dili gani siku hizi?" Nawaambia ninayoyaona: umeme wa jua, uuguzi, kukamua alizeti, kuhifadhi samaki wa ziwani. Nilipoanza kazi, nisingeweza kutaja hata nusu ya hizo, na hilo linanifurahisha mno.

Juzi Mzee Deusi alibisha hodi kwangu, ameongozana na msichana.

"Mama, nilikununia sana."

"Nilijua. Hukuitikia salamu yangu mwaka mzima."

Akacheka, akamsogeza msichana mbele. "Huyu ni mdogo wake Restituta. Aende wapi?"

"Mzee, mimi nimeshastaafu."

"Kwani macho nayo yamestaafu?"

Nikafunga mlango wangu, tukatoka wote watatu kwenda kuona watu wanasubiri nini.