Simu Niliyoiweka Kimya Mtoni

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana aibu hii hata mke wangu pale Ipagala huwahadithia wageni kabla chai haijamiminwa.

Mwenzangu wa ofisini, Rehema, ni fundi jamani. Alichukua rekodi za miaka mingi za mvua ya milimani na kimo cha maji ya mto mmoja wa mchanga (ile mito yetu inayokauka mpaka ng'ombe wanalala katikati), akaifundisha kompyuta mpaka ikawa inabashiri yenyewe maji yatateremka lini, hata kama kijijini jua linawaka. Msimu uliopita mto ulikuja ghafla ukabeba mbuzi wa watu, kwa hiyo kijiji kikikubali mfumo huo kila nyumba itaonywa mapema, na kikikataa kazi yote ya Rehema inaishia kabatini.

Nikatumwa mimi kwenda kuwashawishi. Nikamwambia Rehema, "Kwa leo weka namba yangu tu kwenye mfumo, ujumbe ukija nitawatangazia mwenyewe." (Sifa hizo, ndugu zangu. Nilitaka nionekane nabii.)

Watu wakakaa ukingoni, mimi nikaweka meza na kompyuta kule chini mchangani ili wote wanione, nikasalimia "Mbukwenyi!" kwa Kigogo changu cha kuungaunga, wakaitikia huku wanacheka, na ili nisisumbuliwe nikaiweka simu kimya. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilihutubia siku hiyo! Nikaisifu akili mnemba, nikasema hailali, haisahau, haichoki, mara mwenyekiti wa kijiji, Mama Ndahani, akasimama simu ikiwa sikioni.

"Mgeni, kuna Rehema hapa, anakutafuta hupokei."

"Mama, naomba simu tuziweke kimya kwanza."

"Anasema utoke mtoni."

"Mwambie namalizia."

Nikatazama juu, hakuna hata wingu la kusingizia, nikaendelea. Nikasikia mngurumo kama lori la kokoto, watu wote wakasimama, nami (Mungu anisamehe) nikadhani wananishangilia. Kugeuka, maji yale, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo! Nikakimbia, kiatu kikanasa, nikaanguka kifudifudi, akina mama wawili wakanirushia khanga wakanivuta kama ndama. Meza ikaenda, kompyuta ikaenda.

Nikatoa simu inachuruzika. Ujumbe ulikuwepo, uliingia kabla sijamaliza salamu: toka mtoni, maji yanakuja. Nimeloa chapachapa, lakini nilijisikia fahari ya ajabu. Rehema amekaa zake mjini Chimwaga, na ameuona mto kuliko mimi niliyesimama ndani yake!

Mama Ndahani hakupoteza muda. "Mashine imesema kweli tukiona wenyewe. Wanaoikubali?" Mikono yote ikapanda. "Ila ziandikwe namba zetu sote. Huyu mgeni wetu asiachiwe tena taarifa peke yake."

Nami nikanyoosha mkono, nimesimama na kiatu kimoja.

Tangu hapo, msimu wa mvua simu yangu haikai kimya popote. Jumapili moja kanisani Miyuji ililia katikati ya mahubiri, padri akanikazia macho, nami nikausoma ujumbe mpaka mwisho ndipo nikainamisha kichwa.