Pampu Ndefu, Bomba Fupi

Kosa ninalokusudia kulianika hapa ni la mtu mwenye dhamana anayeiba mali ya wote, kisha akasimama mbele ya hao wote kumsingizia asiye na cheo. Kila ninusapo oili iliyoungua, harufu ile nzito inayokwama kooni, narudi kijijini kwetu, si mbali na kivuko cha Kigongo, katika msimu mmoja wa pamba wa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na baba yangu alikuwa dereva wa lori la kijiji.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu. Meno ya pampu yake ya oili yalikuwa yamelika, na kila lilipopanda mlima na shehena, geji ya presha ya oili ilishuka hadi baba akatokwa jasho. Spea mpya hazikupatikana. Akamwendea fundi mmoja wa Pasiansi, Mjita mpole mwenye vidole vipana, aliyekuwa na pampu ya injini ya boti iliyokufa, ya aina ileile lakini kubwa zaidi. Waliifunga kwa siku mbili. Kwa kuwa pampu hiyo ilikuwa ndefu, fundi alilikata bomba la lori la kufyonzea oili, mdomo wake usije ukagota chini ya bakuli la injini. Pampu ya zamani iliwekwa stoo. Tangu siku hiyo geji ilisimama imara, na baba alikuwa akipiga mluzi njia nzima hadi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba.

Kisha bibi yangu akafariki, baba akaenda msibani siku tisa. Funguo za lori na za stoo zilibaki kwa katibu wa kijiji. Safari ya kwanza baada ya kurejea, kwenye mwinuko kabla ya Kigongo, injini iligonga kama nyundo, ikatoa moshi, ikakwama. Lori lilivutwa kwa trekta hadi uwanja wa mikutano, na kabla ya mtu yeyote kulifungua, katibu alikwisha kutangaza kwamba baba aliuza oili. Tukatengwa. Kwa desturi ya Wasukuma wa upande wetu, aliyewadhuru wote hasalimiwi, hasaidiwi kulima, wala hapewi kaa la moto. Viberiti vilikuwa adimu; mama alizunguka nyumba tano na kigae chake, akarudi nacho kitupu. Shuleni waliniuliza kama kwetu mboga inaungwa kwa oili ya lori.

Fundi alipopata habari alikuja kwa baiskeli, na sanduku la spana nyuma. Alimwomba mwenyekiti aitishe watu, akalala chini ya lori, akalishusha bakuli mbele ya macho ya kijiji kizima. Ndani ilikuwemo pampu ya zamani, yenye meno yaliyolika. Akaingiza vidole viwili chini ya mdomo wa bomba.

"Ndugu Mwenyekiti, pampu hii fupi imevalishwa bomba nililolikata kwa ajili ya ile ndefu. Haifiki kwenye oili. Lori likiinama mlimani, linanyonya hewa."

Katibu akacheka. "Fundi, kwani pampu ina miguu?"

"Haina, Ndugu Katibu. Ndiyo maana namuuliza aliyeibeba."

Kaka yake katibu alikuwa na lori la injini kama yetu, ng'ambo, Busisi. Wazee wawili walivuka, na kesho yake wakarudi na pampu ndefu ndani ya gunia. Hapo adhabu yetu ikahamia kwa katibu. Siku ya tatu mkewe alisimama uani kwetu, kigae mkononi. Mama aliinama kumtolea kaa. Nikanyanyua ndoo nikamwaga maji yote mekoni, majivu yakaturukia sote watatu. Mama alinichapa, sikulia. Nakiri kwamba mwanamke yule hakuiba pampu, na dhambi hiyo naibeba. Lakini mumewe sikumwamkia shikamoo tena hadi alipohama, na kwa hilo sijuti.

Baba alirudishiwa usukani, ila hakupiga mluzi tena. Siku hizi kila nyumba ina moto wake, na hakuna awezaye kumnyima jirani chochote cha kumuuma. Kiongozi akiiba huhamishwa, tena kwa sherehe ya kuagwa. Katibu wetu alilipa faini ya ng'ombe, akahamia mjini, akapanda vyeo, akazikwa kwa hotuba ndefu. Leo ukumbi wa kijiji chetu una jina lake, kwa rangi ya buluu, juu ya mlango. Watoto hulisoma kila siku wakidhani alikuwa mtu mwema. Hapa kwangu halitaandikwa. Nafasi hii ni ya fundi wa Pasiansi, ambaye hana hata kibao: Mugeta Manyama.