Jasho la Nambari Saba

Mume wangu alikuwa na goti moja. Miguu alikuwa nayo miwili kama waja wote, lakini goti zima lilikuwa moja tu, na kwa hilo hilo alitaka kucheza mpira mpaka siku ya kiyama. Tulipoondoka Unguja mwaka wa sitini na nne tulibeba masanduku mawili, mfuko wa dawa za mama mkwe, na sifa zake za mpira. Sanduku moja lilipotea njiani. Sifa zilifika Matrah, jirani ya Maskati, salama salimini, tena zimenenepa.

Wala hakuwa peke yake. Kila mwanamume wa kwetu aliyekuja Maskati miaka ile alikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, ameichezea timu ya visiwa. Ungewakusanya wote ungepata mafowadi mia, na beki hata mmoja usimwone. Golikipa ndiyo usiseme. Wenyeji waliwasikiliza na kuwamiminia kahawa, kwa sababu ni watu wa adabu, na kwa sababu wakati ule nani angerudi Unguja kwenda kuuliza?

Wangu mimi, nisimdhulumu, alicheza kweli. Nilimwona kwa macho yangu alipokuwa na miaka ishirini na mbili, akipita pembeni na mpira utadhani umeshonewa kwenye kiatu. Tabu ni kwamba yeye alibaki na miaka ishirini na mbili, goti likaendelea na safari.

Aliyetupokea Matrah alikuwa tajiri mmoja muuza mchele na saruji, mwenye timu yake. Mpira wenyewe hakuujua. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali, na kila akipelekwa kiwanjani alikuwa akiuliza wetu ni wepi. Lakini tajiri mwenzake wa Maskati, upande wa pili wa mlima, alikuwa na timu, basi na yeye akawa nayo. Kila mchezaji alimpa kazi ghalani na pahala pa kulala. Mume wangu akawa karani, na sisi tukapewa vyumba viwili juu ya ghala: mimi, yeye, mama yake aliyekuwa haoni tena, na binti zetu wawili. Vyumba vilinuka magunia, na joto la kule halina huruma, lakini vilikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani. Mtu aliyewahi kuvunjiwa mlango anajua thamani ya komeo. Nilivipenda vyumba vile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kukaa.

Kazi ya kufua jezi sikuiomba. Wiki ya kwanza tu niliamka nikakuta gunia mlangoni, ndani jezi kumi na tano za kijani zenye ukosi mweupe, na hakuna aliyesema kitu. Wanaume wana njia yao ya kukuajiri bila kukuuliza. Maji yalikuwa ya kuchota kisimani na kupandisha ngazi na debe kichwani, na jezi za watu kumi na tano si leso. Nikafua, nikanuna, nikazoea.

Kiwanjani Darsait wanawake hatukwenda, lakini mechi zote nilizijua. Jezi haisemi uongo. Anayekimbia hutoka jasho mgongoni, likikauka linaacha chumvi nyeupe. Anayeanguka kwa kweli hupata tope ubavuni na kijitundu kwenye kiwiko, maana kiwanja kilikuwa changarawe tupu. Anayejiangusha ili refa amwonee huruma huchafuka makalio. Kapteni wetu, aliyekuwa akisifiwa mji mzima, jezi yake ilinuka udi kuanzia mwanzo wa mechi hadi mwisho. Na beki wa kushoto, kijana mnyamavu asiyekuwa na mtu wa kumsifu, yake ilikuwa ngumu kwa chumvi hata ungeweza kuisimamisha. Alikuwa akiikunja kwa ndani kabla ya kuitia guniani, kwa haya, ili jasho lake lisinikabili usoni. Ilikuwa ikinimaliza sabuni nusu kipande, na nilikuwa simlaumu.

Mwaka wa sitini na tisa tajiri alichoka. Msimu uliotangulia timu ilifungwa na kila aliyekuwa na miguu. Akawaita wote, akawaambia kwamba msimu huu ndio wa kujuana. Alikuwa amefanya hesabu yake mwenyewe: wanaocheza ni kumi na mmoja, sasa kwa nini yeye anawalisha kumi na tano? Msimu ukimalizika, wanne wataondoka, na kazi zao na vyumba vyao pia.

Mume wangu alinieleza hayo huku akivua viatu, kama anayenieleza habari za watu wa mbali. "Wewe usiwe na wasiwasi," akasema. "Tajiri hawezi kumwacha mtu kama mimi."

"Mtu kama wewe yukoje?" nikamuuliza.

Akaniangalia kwa masikitiko. Mke asiyejua alichoolewa nacho.

Tangu siku ile akawa anarudi na hadithi. Leo amempita huyu, kesho amempikia goli yule. Mama yake alikuwa akimsikiliza na kusema mashaallah, mwanangu. Mimi nilikuwa nikimsikiliza kisha nafungua gunia. Mwanzo wa msimu jezi yake, nambari saba, ilikuwa na chumvi kidogo. Baadaye unyevu tu wa kwapani, ule anaoupata hata mtu aliyekaa kivulini. Halafu ikaja kavu. Mtu alikuwa hachezi; alikuwa anakaa pembeni na kurudi kunisimulia aliyoyaona wenzake wakiyafanya. Siku moja ikaja na vumbi kifuani, nikafurahi, mpaka nilipoiangalia vizuri nikaona alama za vidole vinne. Alikuwa amejipaka. Debe tupu haliachi kuvuma, na langu lilikuwa limejifunza kujipaka rangi.

Sikumwambia kitu. Niliogopa kwamba nikimwambia, mama yake atasikia na atajua tunakokwenda. Nilikuwa nikilala macho yangu yako kwenye komeo.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimewacheka wenzangu vya kutosha. Mke wa tajiri alizaliwa Pemba, na nilikuwa nikienda kumwamkia. Siku moja tulikuwa wanawake watatu wanne, kahawa imekolea, na mimi nikashikwa na ugonjwa wangu wa kutaka kuchekesha. Nikawaambia siri yote ya gunia: udi wa kapteni, makalio ya fulani, chumvi ya beki. Wakacheka hadi wakajifuta machozi. Nikasema, "Tajiri anahangaika bure kwenda kiwanjani na macho yake yale. Angenusa jezi tu angemjua anayecheza na anayetembea."

"Na ya mumeo je?" akauliza mke wa tajiri.

"Ya mume wangu, bi mkubwa, huja mgongo mweupe pe."

Mdomo uliponza kichwa. Wiki mbili baadaye ikachezwa mechi ya mwisho, na timu ya Maskati. Tulifungwa, hilo sina haja ya kulieleza. Mume wangu aliingizwa dakika kumi za mwisho, na alirudi akichechemea na uso umenawiri. "Dakika kumi," akasema, "lakini dakika." Nyuma yake akaja katibu wa timu na gunia. Akalitua mlangoni akasema, "Bibi, jezi zisifuliwe. Mzee anazitaka kesho kabla ya adhuhuri, hivyo hivyo zilivyo."

"Za nini?" akauliza mume wangu.

"Sijui. Kasema zisifuliwe."

"Anataka kuzihesabu," akasema mume wangu, na akaomba chai.

 Yeye hakujua, katibu hakujua, mimi nilijua, kwa sababu maneno yalitoka kinywani mwangu mwenyewe na sasa yalikuwa yanarudi nyumbani.

Asubuhi, alipokwenda ghalani, nilimwaga gunia sakafuni. Zilikuwa kumi na nne, moja haikuwamo. Nikaitafuta saba. Dakika zake kumi ziliacha doa la ukubwa wa sahani ya kikombe. Nikakaa nayo mapajani nikamsikiliza mama mkwe akikohoa chumba cha pili, na binti zangu wakigombania kitana. Kisha nikasimama, nikafunga mlango, nikaivaa.

Ilinibana, maana mume wangu alikuwa mwembamba na mimi Mungu hakuninyima. Juu nikajitanda kanga, nikachukua debe, nikaenda kisimani. Nikapandisha maji, nikashuka, nikapandisha. Mitungi ikajaa, mapipa yakajaa, nikajaza hata sufuria. Nikapiga magoti uani nikasugua masufuria yote kwa majivu na mchanga. Nikatwanga kahawa ya mwezi mzima. Mama mkwe akauliza kuna wageni gani. Nikamwambia, tunangojea kheri tu, mama.

Mara ya pili au ya tatu kisimani nilimkuta beki wa kushoto. Amechutama kwenye birika la punda, anafua. Jezi ya kijani. Ilikuwa imetakata mno, hata pale kwenye kiwiko alikuwa ameshapatia uzi.

"Sabalkheri, shemegi," akasema, akasimama. "Naja kukuletea sasa hivi. Nimesikia jezi zinakwenda kwa mzee. Nikaona aibu, mtu mzima kumpelekea nguo yenye jasho."

Kanga ilikuwa imeteleza. Macho yake yalikwenda shingoni mwangu mara moja, kisha yakarudi majini. Nilidhani ni haya zake za siku zote, nikajitanda.

Ilikuwa nimwambie. Neno lenyewe fupi: chafua. Angeipaka tope palepale birikani. Mimi niliyeshindwa kuufunga mdomo mbele ya kikombe cha kahawa, siku ile ulijifunga wenyewe. Nafasi zilikuwa kumi na moja. Nilijua chumvi ya kila mmoja wao, na nilijua kwamba akiingia yeye atatoka nani.

"Ahsante," nikamwambia. "Lete."

Nikaipokea mbichi, nikaianika juani mpaka ikakauka, nikaikunja, nikaitia guniani. Saba niliivua mwisho. Ilikuwa nzito kama kitambaa cha kuogea, na mbele ina alama ya masizi ya sufuria. Gunia likachukuliwa kabla ya adhuhuri.

Jioni ile katibu alikuja kutueleza, nami nikasikiliza nyuma ya pazia. Tajiri alizipanga juu ya mkeka, akawa anaziinua moja moja na kuzileta puani, wakubwa wenzake wamekaa wanamtazama. Ya kapteni aliinusa, akauliza kama huyu anacheza mpira au anaoa. Alipofika saba akafumba macho. "Huyu," akasema, "anakula riziki yangu kwa halali." Halafu akainua ya beki wa kushoto, akaigeuza nje ndani. "Na hii? Hii haikuvaliwa."

Kapteni aliondoka, na wawili wengine waliostahili. Wa nne alikuwa yeye, beki wa kushoto. Hakubisha. Alisema mzee ana haki yake, akafunga kirago, na wiki ile ile akapata meli ya Kuwait. Alikuja kuaga, akapiga magoti mbele ya mama mkwe akamwomba dua. Mimi nilisema nna homa, nikabaki chumbani. Sikuwa na homa.

Mume wangu aliitundika saba ukutani, kwenye msumari, bila kuruhusu ifuliwe. Kila mgeni akaonyeshwa. "Mnaona ile alama nyeusi? Niliteleza nikapiga shuti nimelala." Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa nusu ya pili nzima. Mimi nilikuwa napitisha kahawa. Wakati mwingine nilitaka kumcheka, na wakati mwingine nilitaka kuitia ile jezi motoni na yeye ndani yake.

Mwaka wa sabini ulipokwisha na mambo ya nchi kugeuka chini ya sultani mpya, walioko ng'ambo wakaanza kurudi. Beki wa kushoto akarudi pia. Akaja kututembelea alasiri moja, amenenepa, amevaa saa, mnyamavu vile vile. Mume wangu akamkalisha chini ya jezi na kuanza kumsimulia mechi ya mwisho, yeye mgeni aliyeicheza yote tangu filimbi ya mwanzo. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaisogelea ile saba, akaitazama ukosi wake kwa muda.

"Ulicheza, kaka," akasema.

"Jasho langu lile," akasema mume wangu, akalinyoosha goti.

Nilikuwa nimesimama na sahani ya halua. Mgeni akanigeukia. Hakukunja uso, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kisimani.

"Shemegi, siku ile ulipandisha madebe mangapi?"

Kumbe alijua. Alijua palepale birikani, na angekwenda kwa tajiri akasema neno moja tu angebaki yeye tukatoka sisi. Aibu iliyonishika sijaipata tena maishani mwangu, na mtu ukiwa na mdomo kama wangu, aibu unazijua. Nikaiweka sahani chini ili isinianguke.

"Tisa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akitaka kujua hilo tu. "Mimi niliyaona mawili," akasema, akakaa, akachukua halua.

Mume wangu akatutazama mmoja mmoja. "Madebe ya nini?"

"Ya maji," nikamwambia. "Kunywa kahawa yako."